Nyumba na Vyombo Vyake: Habari Zipoteapo Ndani ya Nyaya za Umeme

Miongoni mwa vyombo vilivyoingia majumbani katika miaka hii, kimo kimoja kidogo ambacho wengi hukiona dukani wasijue kazi yake. Ni kisanduku cheupe, kikubwa kidogo kuliko chaja ya simu, chenye meno ya kuchomekwa ukutani na tundu la waya wa kompyuta upande wa chini. Huuzwa viwili viwili. Kimoja huchomekwa kwenye prizi iliyo karibu na ruta, yaani chombo kinachopokea intaneti na kuigawa. Cha pili huchomekwa kwenye prizi ya chumba cha mbali, na kompyuta ikaungwa hapo. Tangu hapo habari hupita ndani ya nyaya zile zile za umeme zilizomo ukutani, pasipo haja ya kutoboa ukuta wala kutandaza waya mpya uani.

Kwa nyumba za mwambao wa Rumonge chombo hiki kina manufaa ya pekee. Nyumba nyingi mjini humo ni za matofali yenye kuta nene na bati juu. Na mwenye biashara mara nyingi huwa na duka mbele penye barabara, ua katikati, na vyumba vya kulala nyuma. Mawimbi ya hewani ya ruta iliyowekwa dukani huupita ukuta wa kwanza kwa taabu, wa pili kwa taabu zaidi, na yafikapo chumba cha nyuma huwa yamekwisha nguvu. Mtu apatapo visanduku viwili vya namna hii hudhani amemaliza matatizo yake, na mara nyingi huwa kweli. Lakini siku habari zianzapo kupungua njiani, lawama huelekezwa mahali pasipohusika, fedha hutumika bure, na pengine jambo la hatari huachwa ukutani likingoja siku yake.

Yafaa kwanza ieleweke ni kitu gani kinachopotea. Habari yo yote ipitayo katika intaneti, iwe barua, picha au sauti ya mtu, hukatwa vipande vidogo vidogo viitwavyo pakiti, na kila pakiti huandikwa namba yake na anwani ya iendako. Mwenye biashara ya mawese ataelewa upesi. Akipakia madumu 100 katika lori mjini Rumonge, na huko Bujumbura, kilomita zipatazo 75 upande wa kaskazini, yakashushwa 96, basi manne yamepotea njiani. Ikiwa mzigo ni ukurasa wa kusoma, kompyuta inayopokea huhesabu namba, hutambua zilizokosekana, na kuomba zitumwe upya. Msomaji huona kuchelewa tu, ingawa kipimo cha intaneti alichonunua hupungua mara mbili kwa kitu kile kile. Ikiwa mzigo ni mazungumzo, hapana nafasi ya kurudia. Neno lililokosekana limekosekana. Ndiyo sababu nyumba moja yaweza kusoma magazeti na kutazama picha bila ya manung'uniko, na wakati huo huo ikashindwa kuzungumza na mtu kwa dakika tano.

Safari yenyewe si fupi. Sauti itokayo Ulaya kuja Burundi huweza kupita chini ya bahari katika nyaya za kioo, kama ule wa EASSy ulioanza kazi mwaka 2010 na kufikia nchi kavu Dar es Salaam na Mombasa, kisha ikasafiri bara hadi Burundi na kusambazwa ndani ya nchi na mtandao wa Burundi Backbone System. Kwamba sauti hiyo ivuke bahari na mipaka salama, halafu ifie katika mita 20 za mwisho, baina ya duka na chumba cha nyuma, ni jambo ambalo watu hawalisadiki mpaka walipime wenyewe.

Mfano ufaao ni wa nyumba moja ya namna hiyo, isiyo mbali na ufuko wanakotua wavuvi. Baba huuza mawese dukani. Mdogo wake ni mvuvi wa ndagala. Babu huishi nao, naye ana redio yake ya mawimbi mafupi ambayo haiachi mbali. Binti wa nyumba amemaliza shule ya sekondari na kuomba nafasi ya masomo ya juu nje ya nchi. Naye aliitwa kuhojiwa kwa njia ya video. Mahojiano yalipoanza, sauti za wale waliomhoji zilimfikia zimekatika katika, na yake ikawafikia vivyo hivyo. Baada ya dakika sita waliacha. Walimpa siku nyingine, wiki tano mbele, saa nane mchana, wakamweleza kwa upole kwamba nafasi ya tatu haipo.

Baba alikuwa na majibu mawili tayari. La kwanza, kampuni ya intaneti inawanyonya, hivyo ainunue huduma ya bei ya juu zaidi. La pili, binti apelekwe Bujumbura siku hiyo akahojiwe huko. Yote mawili yalikuwa na gharama. Upungufu wa petroli ulioisumbua nchi katika miaka hii ya 2020 umeipandisha nauli, na barabara ya mwambao, iliyobanwa baina ya milima na ziwa, si ya kutegemewa wakati wa masika. Mwaka 2015 maporomoko yaliifunga upande wa Gitaza.

"Baba, nakuomba tupime kwanza," binti alisema. "Tukiona kasoro iko kwa kampuni, uniruhusu niende. Tukiona iko humu ndani, hata ukinunua intaneti ya kifalme itapotea vile vile."

"Utapima kwa kitu gani, mama?" baba aliuliza, kwa vile binti huyo amepewa jina la bibi yake.

"Kwa kuhesabu tu."

KUPIMA KABLA YA KULAUMU

Kipimo chenyewe kimo katika kila kompyuta wala hakiuzwi. Huitwa pingi. Kompyuta hutuma pakiti moja kwa chombo kingine, nacho huirudisha, kama mtu agongaye mlango akaitikiwa. Mwenye kompyuta ya Windows hufungua dirisha la amri, huandika neno ping, nafasi, kisha anwani ya ruta, ambayo mara nyingi imechapwa chini ya ruta yenyewe na hufanana na 192.168.1.1. Akiongeza nafasi na alama -n 100, kompyuta itagonga mara 100, na mwisho itaandika ni ngapi zilizopotea na kila moja ilichukua muda gani.

Siri ya kipimo hiki ni mahali pa kukifanyia, na hapo ndipo wengi hukosea. Binti alianzia dukani. Aliiunga kompyuta na ruta kwa waya mfupi, visanduku vya umeme vikiwa havihusiki kabisa, akagonga ruta mara 100. Hapana hata moja iliyopotea. Hapo hapo aligonga anwani iliyo nje ya nchi, ikapotea moja. Kisha alihamia chumba cha nyuma, akaunga kompyuta na kisanduku, akagonga ruta ile ile iliyoko dukani. Zilipotea 23.

Hesabu hizo tatu zilimaliza ubishi. Huduma iliyofika mlangoni ilikuwa nzuri. Upotevu ulikuwa baina ya prizi mbili za nyumba yao wenyewe. Mtu aanzaye kwa kipimo cha tatu bila ya viwili vya kwanza hawezi kujua lo lote, na yule apimaye anwani ya nje peke yake, akiwa chumba cha nyuma, atamlaumu asiyemkosea.

Sasa ni nini kinachoziua pakiti ndani ya waya? Umeme wa nyumbani hupiga mizunguko 50 kwa sekunde. Juu ya mwendo huo wa polepole kisanduku hupandisha mitetemo myepesi yenye kasi kubwa mno, baina ya milioni 2 na milioni 28 kwa sekunde katika vile vinavyofuata kanuni iitwayo HomePlug AV ya mwaka 2005. Kanuni ya AV2 iliyotolewa mwaka 2012 imefika hadi milioni 86. Habari hugawanywa katika vijia mamia kadhaa ndani ya nafasi hiyo, na visanduku hupimana wakati wote: kijia kilicho safi hubebeshwa mzigo mkubwa, chenye kelele hupewa kidogo au huachwa. Ni kazi ya akili sana. Lakini waya wenyewe ulitandazwa kwa ajili ya balbu na pasi, haukutandazwa kwa ajili ya mazungumzo, na kila kitu kilichochomekwa humo nacho hupiga kelele zake. Kelele zikizidi, kisanduku hurudia kutuma mara kadhaa, na kikishindwa huiacha pakiti ipotee.

Tarakimu kubwa iliyochapwa juu ya kasha, mathalan 600, isimdanganye mnunuzi. Ni jumla ya mwendo wa kwenda na kurudi katika hali bora kabisa. Nyumbani hupatikana chini ya nusu yake, na mara nyingi chini zaidi. Tena yafaa isemwe wazi: penye njia ya kupitisha waya wa kawaida wa kompyuta, waya huo huvishinda visanduku hivi kwa kila hali. Visanduku ni vya mahali ambapo njia hiyo haipo.

Kosa la kwanza nyumbani humo lilionekana bila ya kutafutwa sana. Kisanduku cha chumba cha nyuma hakikuchomekwa ukutani, bali kilikuwa kimechomekwa katika ralonji yenye matundu sita, pamoja na televisheni, chaja za simu mbili na taa. Tena ilikuwa ralonji nzuri, ya bei, yenye kinga ya kuzuia umeme unaoruka ghafla. Uzuri huo ndio uliodhuru. Ndani ya ralonji za namna hiyo mna vipande vinavyonyonya mitetemo ya kasi ili visipite kuiharibu televisheni, na vipande hivyo havina njia ya kutambua kwamba baadhi ya mitetemo ni mazungumzo ya mwenye nyumba. Binti alikitoa kisanduku, akakichomeka moja kwa moja ukutani. Upotevu ulishuka kutoka 23 hadi 9.

Tisa si kidogo. Mtu asemaye maneno 100 na kupotewa na tisa, pengine yale tisa ndiyo aliyokusudia.

DAFTARI NA MWEZI

Kuanzia hapo binti alifanya jambo ambalo mafundi wengi hulidharau: alichukua daftari. Alipima mara tano kwa siku, kwa saa zile zile, akaandika tarehe, saa na idadi iliyopotea, wala hakubadilisha kitu cho chote kwa wiki nzima. Daftari lilionyesha mambo ya ajabu. Alfajiri hazikupotea. Saa tatu asubuhi zilianza kupotea nane, tisa, kumi na mbili. Hali hiyo iliendelea mpaka kiasi cha saa kumi jioni, kisha ikapoa. Na usiku, nyumba nzima ikiwa imewasha taa na televisheni, hapakuwa na upotevu wa maana. Baba, ambaye kwa kawaida hutumia intaneti usiku, alisema mambo yamekwisha. Mahojiano, hata hivyo, yalipangwa saa nane mchana.

Wiki ya pili, upotevu wa mchana ulikoma wenyewe. Siku ya kwanza, siku ya pili, siku ya tano: sifuri, moja, sifuri. Hapakuwa na aliyegusa kitu. Jioni ya siku ya sita binti alilikunja daftari akidhani ruta imejiponya. Siku ya nane upotevu ulirudi kama ulivyokuwa.

Alipomsomea babu yake tarehe hizo, mzee hakuuliza habari za ruta. Aliuliza, "Siku hizo ilipopona, baba yako mdogo alikuwa wapi?"

"Alikuwa hapa nyumbani, babu. Analala, anashona nyavu."

"Basi. Mwezi ulikuwa mpevu."

Kila mtu wa mwambao, tangu Kabezi hadi Nyanza-Lac, anajua maana ya maneno hayo. Ndagala huvuliwa usiku kwa taa. Samaki hufuata mwanga, na mtumbwi huwazungushia wavu. Mbalamwezi ikienea juu ya ziwa, mwanga wa taa hauvuti tena, na wavuvi hupumzika siku kadhaa mpaka giza lirudi. Zamani taa hizo zilikuwa karabai za mafuta ya taa. Siku hizi wavuvi wengi wamehamia kwenye balbu za LED zinazotumia betri, na betri haina budi kujazwa umeme mchana, ili iwe tayari magharibi. Baba mdogo alikuwa akizijaza betri zake katika ghala la uani, kwenye prizi iliyo njiani baina ya duka na chumba cha nyuma. Akirudi ziwani asubuhi, akisha kuuza samaki, huzichomeka. Jioni huzichomoa. Siku za mbalamwezi hazichomeki kabisa. Daftari la binti lilikuwa limeandika, bila ya yeye kujua, ratiba ya uvuvi wa ndagala.

Kujua saa si kujua mkosaji, kwa sababu chaja zilikuwa nne. Hapo redio ya babu ilipata kazi. Mitetemo inayotumiwa na visanduku, ile ya milioni 2 hadi 28 kwa sekunde, ndiyo hiyo hiyo nafasi ya mawimbi mafupi katika redio za zamani. Kwa hiyo kelele inayoua pakiti ni kelele inayosikika. Msomaji mwenye redio ya aina hiyo aweza kufanya vivyo hivyo: aitie betri badala ya kuichomeka ukutani, avichomoe kwanza visanduku vyote viwili (kwa maana navyo hujaza redio mvumo, na wasikilizaji wa mawimbi mafupi wana haki ya kuvilalamikia), atafute mahali pasipo na stesheni, kisha atembee chumba kwa chumba akiisogeza redio karibu na kila chombo, pasipo kugusa nyaya. Chumbani redio ya babu ilivuma kidogo karibu na balbu moja. Kwenye friji ilitoa mlio mmoja mfupi mashine ilipoanza, ikanyamaza. Ghalani ilinguruma. Chaja tatu zilitoa mvumo wa kawaida. Ya nne, ndogo kuliko zote na ya bei rahisi kuliko zote, ilipiga kelele kama mvua ya masika juu ya bati. Ilipochomolewa, kelele ilikatika mara moja. Ilipochomekwa, ilirudi.

Chaja za siku hizi hukatakata umeme maelfu ya mara kwa sekunde ili kuugeuza, na ukataji huo huzaa takataka za mitetemo. Mtengenezaji mwaminifu hutia ndani vipande vya kuzichuja zisirudi katika waya wa nyumba. Asiye mwaminifu huviacha, akapunguza bei, na kasha la nje likabaki na sura ile ile. Balbu nyingine za LED na chaja nyingine za simu zina ila hiyo hiyo.

Hapo ndipo palipozuka mvutano. Baba alitaka chaja zote zitoke ghalani siku hiyo hiyo. Baba mdogo alijibu kwa heshima, lakini bila ya kurudi nyuma: "Kaka, betri zisipojaa sitoki. Nisipotoka, hata hiyo ada ya kumsomesha mtoto itatoka wapi?" Wote wawili walikuwa na haki, na nyumba haina prizi nyingine inayofungika kwa usalama.

Suluhisho lilikuwa limelala chini ya meza ya televisheni. Ile ralonji yenye kinga, iliyokuwa ikinyonya mitetemo ya kisanduku, ndiyo iliyofaa kunyonya kelele za chaja. Binti alisoma kwanza idadi ya ampea iliyochapwa juu yake, akajumlisha zile za chaja nne, akaona mzigo ni mdogo kuliko uwezo. Ralonji ikahamia ghalani, chaja zikachomekwa humo, na ile mbovu ikatengwa kwa ajili ya dharura tu. Chombo kile kile kilichodhuru mahali pamoja kilitibu mahali pengine. Upotevu wa saa nane mchana, betri tatu zikijaa, ulikuwa mbili katika 100. Baadhi ya visanduku vina tundu la kupitishia umeme usoni, nalo lina chujio ndani yake. Mwenye navyo aweza kuchomeka ralonji ya vyombo vyake katika tundu hilo, kisanduku chenyewe kikabaki ukutani.

PRIZI YENYE JOTO

Zile mbili zilizobaki zisingemsumbua mtu asiye na mahojiano. Binti aliendelea kutazama, na akaona kwamba hazikupotea moja moja, bali zilipotea pamoja, tatu au nne kwa mkupuo, kila friji ya dukani ilipoanza kunguruma. Friji nyingi huanza namna hiyo na hazidhuru kwa kiasi hicho. Alipoweka kiganja ukutani karibu na prizi ya friji, alikuta plastiki yake ina joto.

Hapo kupima kwa binti kuliishia, na ndivyo ipasavyo. Prizi yenye joto, yenye weusi pembeni, yenye harufu ya kuungua au inayolia kama kikaango, si ya kufunguliwa na mwanafunzi, wala na baba mwenye bisibisi. Ni ya fundi wa umeme. Kuunganika kulikolegea hurusha cheche ndogo ndogo zisizoonekana. Cheche hizo hupiga kelele katika nafasi yote ya mitetemo, na pakiti zikapotea. Lakini hizo hizo ndizo ziwashazo nyumba. Hewa ya ziwa yenye unyevu, na joto la mwambao, huozesha shaba upesi kuliko huko milimani Bururi. Nyumba za ufukoni zilizoingiliwa na maji wakati ziwa Tanganyika lilipopanda sana, hata kufikia mwaka 2024, zichunguzwe nyaya zake na fundi kabla ya kuchomekwa cho chote, hata kama kuta zimekwisha kukauka kwa macho.

Fundi alikuja, akazima dijonkta kubwa, akahakikisha kwa kipimo chake kwamba umeme haumo, ndipo akafungua. Skrubu ya waya mmoja ilikuwa imelegea, na maganda ya waya yamekuwa meusi kwa urefu wa kidole. Alikata sehemu iliyoungua, akaweka prizi mpya, akakaza, kisha akazikagua prizi zote za nyumba. Alimwambia baba kwamba amefika mapema. Gharama yake ilikuwa ndogo kuliko ile intaneti ya bei ya juu.

Fundi alijibu pia swali ambalo lingeweza kuwapotezea siku nyingi. Baadhi ya nyumba za biashara, hasa zenye mashine za kusaga au za kuchomelea, huletewa umeme wa fezi tatu, na duka laweza kuwa katika fezi moja, chumba cha nyuma katika nyingine. Visanduku vilivyo katika fezi mbalimbali husikilizana kwa shida, au havisikilizani kabisa, na hapo hapana ralonji itakayosaidia. Ni kutafuta prizi iliyo katika fezi moja na ya ruta. Nyumba hii ilikuwa na fezi moja tu.

Limo jambo moja zaidi ambalo wauzaji hawalisemi. Mita haizuii mitetemo kabisa. Jirani aliye katika laini moja, akiwa na visanduku vya aina moja navyo bado vina ufunguo wa kiwandani, aweza kujikuta ndani ya mtandao wa mwenzake, na kila mmoja akampunguzia mwingine nafasi. Dawa ni kubonyeza kitufe cha kuoanisha juu ya kisanduku kimoja, kisha cha pili mara moja, kama kijitabu kielezavyo, ili vitengeneze ufunguo wao wenyewe. Binti alifanya hivyo kwa tahadhari, ingawa hakuona dalili ya mtu.

Siku ya mahojiano baba mdogo alirudi ziwani mapema, akazichomeka betri saa moja asubuhi badala ya saa tatu. Saa saba na nusu alizichomoa mwenyewe bila ya kuambiwa. Mama alizuia pasi. Babu alizima redio na kukaa mlangoni mwa ghala, mtu asije akachomeka kitu. Binti aligonga ruta mara 100, zikarudi zote. Saa nane kamili nyuso tatu zilitokea katika kioo cha kompyuta, wakamsalimu, akawasikia neno kwa neno. Walizungumza dakika 40. Mara moja tu sauti ilikatika, kiasi cha sekunde mbili, na aliyekuwa akiuliza alirudia swali lake.

Jibu limeahidiwa kuja kwa barua. Saa tisa kasorobo chaja zilirudishwa ghalani, na magharibi taa zote za baba mdogo zilikuwa tayari kwenda ziwani.